Siku Tulipohesabu Kura Mchangani

Wanangu munaosoma chuo hapa Kalemie, wiki iliyopita mjukuu wangu Feza alirudi nyumbani na wenzake wawili. Wakakaa kwenye kibaraza changu wakila karanga, nikawasikia wakisema hawataenda kupiga kura. "Kura ya nini, Bibi?" Feza akaniuliza. "Atakayepita anajulikana tayari." Sikumgombeza. Maneno hayo niliyasikia zamani, nikiwa ningali na meno yote, tena yalisemwa na kijana mwenye akili kuliko mimi. Nikaanza kuwasimulia habari yake, lakini karanga zilikwisha kabla sijafika katikati, wageni wakaaga. Ndiyo maana ninaandika.

Nilifanya kazi biro ya Zone, yaani ya serikali ya wilaya yetu, upande wa etasivil. Niliandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Nchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na ukiingia biro hukuitwa Bwana wala Madame, uliitwa Sitwayen, yaani raia. Kura ilipokaribia, sisi wa etasivil ndio tuliotumwa kushika biro za kura, kwa sababu tulijua majina ya watu na maandishi yetu yalisomeka. Kwa hiyo nimeona kura za kila namna.

Nimeona hata kura ya kelele. Usicheke. Kulikuwa na mwaka ambao hakukuwa na karatasi wala sanduku. Watu walikusanywa kiwanjani, mkubwa mmoja akasimama na kipaza sauti akasoma majina, na kila jina likisomwa tulipaswa kupiga makofi na vigelegele, ndiyo kuchaguliwa. Jua lilikuwa kali, tukapiga makofi kwa kila jina ili tuondoke. Katikati ya shughuli dereva mmoja aliyezibiwa njia na lori akamnong'oneza yule mkubwa, naye akatangaza: "Sitwayen Tambwe wa mukate, aondoe camion yake barabarani!" Kiwanja kizima kikalipuka kwa makofi na vigelegele. Tambwe mwenyewe, muuza mikate, akasimama akainama mbele ya watu kama mheshimiwa. Kwa muda mrefu mjini tulimwita Mheshimiwa Tambwe, na alikuwa akikasirika ukimwita hivyo bila kununua mkate.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mulongo, karani aliyeanza tangu enzi za Wabelgiji. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuazima watu. Kura yangu ya kwanza pamoja naye ilikuwa ya Rais, ile ya kadi mbili, ya kijani kusema ndiyo na nyekundu kusema hapana. Tulipofungua katoni, kadi za kijani zilipangwa juu vizuri, na nyekundu zilikuwa chini kabisa, zimefungwa kamba. Askari aliyesimama mlangoni akasema hizo za chini hazina kazi. Papa Mulongo hakubishana naye. Alikata kamba, akapanga nyekundu mezani kando ya kijani, akaketi. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mauwa, wewe angalia sanduku. Usiangalie mikono ya watu." Mukiniuliza leo nani alichukua kadi nyekundu siku ile, sitaweza kujibu. Nilifundishwa kutoangalia.

Nilifanya makosa pia. Mwaka mwingine nilitumwa peke yangu, nikakosa kitambaa cha kuzungushia kibanda cha kura. Nikatundika chandarua cha mbu, nikajiona mjanja. Hadi saa nne watu wote waliokuwa kwenye foleni walijua kila mtu amechagua nini, na mume mmoja na mke wake walikuwa hawasemeshani. Papa Mulongo alipopita kukagua, alikitazama kile kibanda, akavua koti lake, akalitundika pale. Alifanya kazi siku hiyo na shati lililochanika mgongoni. Tangu hapo sikukosa blanketi zito kwenye mizigo yangu.

Sasa nije kwa huyo kijana.

Ilifika kura ya makomisari wa watu, wale waliotuwakilisha Kinshasa, na safari hiyo waliruhusu wagombea zaidi ya mmoja. Wote walikuwa wa chama, ndiyo, lakini watu walikuwa na mtu wa kuchagua. Mimi nilipewa Mukuku, kambi ya wavuvi ukipanda pwani ya ziwa kuelekea kaskazini. Watu wa pale ni Wabembe waliohamia zamani, wavua ndakala, wale dagaa wa ziwa, na kanisa lao lilikuwa la miti na nyasi. Pale Mukuku wagombea waliozungumzwa walikuwa wawili. Mmoja ni mkubwa wa mjini ambaye watu walimwita Papa Direkta. Alifika na mitumbwi miwili ya mota, akagawa chumvi na vitenge, akahutubia akiwa amesimama ndani ya mtumbwi ili viatu visilowe, akaondoka. Wa pili ni Papa Asukulu, muuguzi wao, aliyewachoma sindano kwa miaka mingi na aliyekuwa akidai wajengewe dispensari ya matofali.

Walimu waliozoea kunisaidia walikuwa hawajalipwa, wakakataa kutoka. Nikaenda kuomba wanafunzi wa chuo. Mkurugenzi akanikusanyia darasa moja, nikaeleza. Kijana mmoja mrefu akasimama. Jina lake Mumba, mtoto wa Pepa kule juu Marungu, baba yake alichunga ng'ombe.

"Mama Mauwa, kwa heshima," akasema. "Chama ni kimoja. Wagombea, chama njo kimewapitisha. Na nyuma ya yote watasoma kwa redio jina wanalotaka. Sisi tunaenda kule kufanya nini? Kupamba meza?"

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu alisema kweli na alisema vizuri. Nikatoa jibu dogo nililokuwa nalo.

"Mumba," nikamwambia, "kule Mukuku watu watatoka vijiji vya mbali kwa miguu waje wapige kura. Watakuja hata wewe usipokuja. Mimi nauliza tu, wakifika, nani atakuwa amekaa kwenye meza?"

Kisha akauliza, "Na kura zinahesabiwa wapi?"

"Ndani. Tunafunga mulango."

"Nani alisema mulango ufungwe?"

Nikajaribu kukumbuka aliyesema. Hakuna aliyesema. Maagizo yalisema kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa, mbele ya mashahidi. Mlango tulianza kuufunga kwa ajili ya upepo, tukaendelea kwa mazoea, na baadaye kuna watu waliona mlango uliofungwa unawafaa. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kujiuliza.

"Kama tutahesabu inje, mbele ya watu wote," akasema Mumba, "mi nakuja."

Nikakubali. Msichana mmoja aliyeitwa Sifa akainua mkono, halafu wengine wawili.

Kabla ya kuondoka, mkubwa wangu pale Zone aliniita. "Sitwayen Mauwa," akasema, "Mukuku hakutakuwa na shida. Papa Direkta amesaidia sana wale watu. Sanduku utaniletea mimi." Nikasema ndiyo. Kule biro neno "ndiyo" lilikuwa kama salamu, ulimpa kila mtu.

Safari ya ziwa ilimtesa Mumba. Mtu wa milimani, hakuwahi kupanda mtumbwi. Alikaa chini kabisa amelikumbatia sanduku la kura, macho amefumba, na Sifa akamwuliza kama analilinda sanduku au sanduku linamlinda yeye.

Siku ya kura ilikuwa tulivu. Watu walikuja wamevaa nguo za kanisani, wanawake wengi na vile vitenge vipya vya Papa Direkta, maana kitenge kizuri ni kitenge kizuri. Kila mgombea alikuwa na karatasi yenye picha yake. Mtu alichukua zote, akaingia nyuma ya blanketi langu, akatia moja kwenye sanduku na nyingine kwenye gunia la kutupa. Mzee mmoja wa nyavu alikuja na karatasi mbili mkononi, akawauliza vijana: "Wanangu, huyu alinipa chumvi, huyu alinichoma sindano. Naweza kuweka wote wawili?"

Sifa akamwuliza kwa upole, "Chumvi ilikwisha, Baba?"

"Ilikwisha."

"Na ugonjwa je..."

"Sifa!" Mumba akamkata. "Usimusaidie."

Sifa akashika mdomo. Mumba alikuwa na haki. Ukiketi kwenye meza ile, hata swali lako ni mkono unaosukuma. Yule mzee akarudi nyuma ya blanketi, akakaa huko muda mrefu hata foleni ikaanza kumkoholea. Alichoamua, hakuna ajuaye.

Alasiri tukafunga kura. Vijana wakatandika kwenye mchanga bashe moja kubwa, lile turubai wanaloanikia ndakala, wakalisafisha magamba, wakamwaga sanduku katikati. Niliwaonyesha kuweka mawe juu ya kila fungu, kwa sababu upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi moja, watu watazungumzia ile moja tu. Kambi yote ikakaa kuzunguka, watoto mbele. Mumba akachukua karatasi ya kwanza, akaigeuza kwa watu kabla ya kuitazama mwenyewe. Hilo hakufundishwa na mtu. Akaizungusha pande zote, akataja jina, akampa Sifa. Watu wakaanza kuhesabu pamoja naye, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti moja. Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu, ila ile sijaisahau.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ikitajwa, mtumbwi wa mota ukafika. Akashuka mjumbe kutoka mjini, na askari mmoja nyuma yake.

"Sitwayen, nimekuja kuchukua sanduku," akaniambia. Akaona bashe, akaona watu. "Hii ni nini?"

"Tunahesabu, Sitwayen," nikasema.

"Mutahesabia mujini. Kusanyeni!"

Hakuna aliyesimama, wala hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu wao wa dini, Papa Lubunga, alisogea kidogo pale alipokaa, akapangusa mchanga kando yake. "Papa, karibu ukae," akasema. "Ulichelewa, haukuona mwanzo. Haiko mubaya. Watoto wataanza tena, upate kuona vyote."

Mjumbe akatazama nyuso zile zote. Wavuvi wale walikuwa wamekaa tu, mikono juu ya magoti, wakimngojea kwa heshima kama mgeni. Askari alikuwa wa kwanza kukaa. Akavua na viatu. Mjumbe akabaki amesimama peke yake, jua likampiga, mwishowe akaketi.

Mumba akamwaga tena karatasi zote katikati, akaanza upya. Niliona shati lake limelowa jasho mgongoni. Mara ya pili matokeo yalikuwa yale yale. Papa Asukulu alikuwa na fungu kubwa ambalo jiwe moja halikutosha. La Papa Direkta lilikuwa dogo.

Mjumbe akasimama, akajipangusa mchanga. "Nani aliwaambia muhesabie inje?"

"Mimi," akasema Mumba.

"Mimi njo mwenyekiti," nikasema, tukagongana maneno. "Mimi niliamuru."

Akatutazama sote wawili, akachagua aliye rahisi. Alimshika Mumba mkono, akampeleka kwenye mtumbwi, askari akifuata na sanduku. Kijana yule aliyeogopa maji alipanda bila kufumba macho safari hii, akaniangalia hadi walipozunguka mawe ya pwani. Sifa alilia njia yote ya kurudi. Mimi sikuweza hata kumtuliza. Nilikuwa nafikiri nitamwambia nini mchunga ng'ombe wa Pepa.

Mjini walimfungia katika chumba kimoja nyuma ya biro zetu. Nilienda kwa mkubwa wangu, nikamwambia tena kwamba mimi ndiye niliyeamuru, na kama kuna kosa aandike jina langu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Wewe ni mama wa watoto. Rudi kwako." Siku zikapita. Redio ikasoma matokeo ya Zone nzima, jina lilikuwa la Papa Direkta. Kura za Mukuku zilimezwa huko zilikomezwa.

Siku ya soko, asubuhi, nikiwa kwenye meza yangu, nilisikia harufu ya ndakala. Nikatoka. Ngazi za biro zilikuwa zimejaa watu wa Mukuku, wanaume kwa wanawake, na magunia yao ya samaki waliokuja kuuza. Walikuwa wamepita soko bila kusimama. Mbele yao alikaa Mama Nyassa, mwanamke mkaushaji wa samaki ambaye nilimwona kwenye foleni siku ya kura.

Mkubwa akatoka, leso puani. "Munataka nini?"

"Tumekuja kumuchukua mutoto wetu," akasema Mama Nyassa.

"Mutoto wenu nani?"

"Mumba."

"Huyu hana ndugu kwenu! Huyu ni muntu wa Pepa, baba yake anachunga ng'ombe."

"Njo yeye, Papa. Alituhesabia."

Mkubwa akakunja uso. Akauliza taratibu, kama mtu anayetega: "Kwa hiyo munakataa matokeo?"

Nilishika nguzo ya baraza. Jibu moja baya na ngazi zile zingejaa askari. Mama Nyassa akafikiri, akafunga vizuri kitenge chake, kile cha Papa Direkta.

"Papa, matokeo ni yenu," akasema. "Sisi tunataka mutoto."

Wakaendelea kukaa. Jua likapanda, magunia yakapata joto, na harufu ikaingia ndani, ikapanda hadi biro ya mkubwa mwenyewe. Kila aliyekuja kuandikisha mtoto au kuomba karatasi aliruka miguu ya wavuvi, akauliza kuna nini, akajibiwa kwa upole, habari ikaenea hadi bandarini. Kabla ya mchana walimtoa Mumba.

Alikuwa amekonda, ndevu zimeota. Watu wa Mukuku wakasimama, kila mmoja akamshika mkono, kisha wakabeba magunia yao wakaenda soko, maana samaki hangoji. Tulibaki wawili kwenye ngazi.

"Mama," akaniambia, "walisoma lile jina kwa redio. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Basi nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki, mwanangu."

Akawatazama wale watu wakishuka barabara. "Lakini hawa?" akasema.

Sitawadanganya kwamba haikutugharimu. Mumba alipoteza mwaka wa masomo, akamaliza nyuma ya wenzake, akarudi Pepa kufundisha, na huko alikaa. Mimi nilihamishwa Nyunzu, mbali na ziwa, mume wangu akabaki hapa kwenye kazi yake ya reli, na watoto wakagawanyika nusu kwake nusu kwangu. Kuna jioni nilijiuliza kama ilistahili. Papa Mulongo, aliyekuwa amestaafu, alinitumia salamu na kalamu moja, ile ya kuandikia, si ile ya kuazima.

Kwa hiyo Feza na wenzako, mukisema kwamba kuna watu wanaweza kusoma jina wanalotaka, sitabishana nanyi. Ninawaomba muende hata hivyo, na mukienda musirudi nyumbani upesi. Ombeni kukaa kwenye zile meza. Bebeni maji ya kunywa na blanketi zito. Karatasi igeuzeni kwa watu kwanza. Mzee akiwauliza achague nani, fungeni mdomo hata kama jibu linawawasha ulimi. Na ulizeni, kama Mumba alivyouliza, nani alisema mlango ufungwe. Sisi wazee tumezoea milango mingi ambayo hakuna aliyeagiza ifungwe.

Nilirudishwa Kalemie kura iliyofuata ilipokaribia, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kazi. Nikapelekwa tena Mukuku kuandaa biro. Papa Direkta alikuwa akigombea tena, nikamkuta amefika siku ile ile. Alikuja na mtumbwi mmoja, bila chumvi, bila vitenge. Aliruka majini na viatu vyake, akapanda pwani suruali imelowa, akasalimia watu mmoja mmoja. Walimjibu vizuri.

Kisha akamgeukia Mama Nyassa. "Mama, mara ile, hapa kwenu nilipata kura ngapi?"

"Chache, Papa," akasema Mama Nyassa. "Tulihesabu mara mbili, tusikukosee."

Papa Direkta akavua kofia. Akatazama huku na huku akitafuta kiti, hakuna aliyemletea, akakaa chini kwenye mchanga pamoja nao. Mama Nyassa akakohoa, akakunja miguu, akaanza kumwuliza habari ya ile dispensari ya matofali.